Paka mdogo anayekokota miguu ya nyuma: angalia kibofu na sahani kabla ya miguu

Swali: "Docta, watoto wangu waliokota kapaka huku Kadutu, nyuma ya meza za wauza nyama. Nafikiri kana miezi miwili, na kwenye balansi ya dukani kana gramu 700. Kanakula nyama muzuri sana, njo chakula yake tu, lakini kanakokota miguu yote miwili ya nyuma, na ukikakamata mugongoni kanalia. Tumbo yake inalowa kila saa. Choo kanaenda kisha siku tatu, ngumu kama jiwe. Watoto wanakakanda na mawese na kukazoeza kutembea asubui na mangaribi. Jirani anasema nikape nusu ya paracetamol. Je, katatembea, ao tukaache?" (Mama wa watoto wanne, Kadutu, Bukavu)

Mama, kabla ya maelezo marefu, kuna mambo mawili ya leo hii.

Paracetamol hapana. Si nusu, si robo, wala ile ya maji ya watoto. Ini la paka haliwezi kuivunja kama letu. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 250, na kwa mnyama wa gramu 700 hiyo ni zaidi ya miligramu 350 kwa kila kilo ya mwili, wakati hata miligramu 10 kwa kilo zinaweza kumdhuru. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia au bluu, uso na miguu ya mbele inavimba, pumzi inakuwa fupi. Kama mlishampa, mpelekeni kwa veterinere saa hiyo hiyo, msingoje dalili. Ibuprofen, diclofenac na aspirini nazo zibaki kwa watu. Dawa ya maumivu ya paka ipo, lakini veterinere huipima kwa matone baada ya kumpima uzito.

La pili: watoto waache kumkanda na kumtembeza, tangu jioni ya leo. Najua wanafanya kwa upendo. Sababu nitaieleza mbele kidogo.

Sasa tuanze na kinachoua, maana miguu si yenyewe. Paka anaweza kuishi miaka kwa miguu miwili ya mbele, lakini asiyeweza kukojoa hamalizi wiki. Umeandika tumbo linalowa kila saa, na pengine umelichukua kama alama kwamba anakojoa vizuri. Mara nyingi ni kinyume. Bidoni iliyosahauliwa chini ya bomba nayo humwagika bila kukoma, na bado imejaa mpaka shingoni. Neva za kibofu zikiumia, mkojo unajaa, unavuja kwa kuzidi, na ule unaobaki ndani unaoza na kurudisha sumu kwenye figo.

Kwa hiyo usiku huu jifunze kukipapasa kibofu. Nawa mikono kwa maji ya moto kidogo, ili vidole visiwe baridi. Mlaze kwa ubavu juu ya kikwembe kilichokunjwa, bila kumwinua kwa mgongo: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, abebwe kama sinia. Weka dole gumba upande mmoja wa tumbo na vidole viwili upande wa pili, mbele kidogo ya mapaja. Usibonyeze bado. Telezesha vidole polepole mpaka upate kitu cha duara, laini, kinachohama, kama puto dogo lenye maji. Utakutana pia na kinyesi, usivichanganye: kinyesi kigumu kinakaa juu zaidi, karibu na mgongo, kimejipanga kama shanga na hakibonyei.

Ukishapata kibofu, funga vidole polepole, ukielekeza nguvu upande wa mkia, na ukae hapo hapo. Hesabu mpaka 10. Mkojo ukianza kutoka usiongeze nguvu na usiachie ghafla. Shika hivyo hivyo mpaka kibofu kilale chini ya vidole. Watu wengi wanakosea kwa njia moja: wanabonyeza kidogo, hakuna kitu, wanakasirika na kubana kwa nguvu mara moja. Mlango wa kibofu hujikaza zaidi ukibanwa ghafla, na kibofu kilichojaa sana kinaweza kupasuka. Subira ya sekunde 20 inafanya kazi kuliko nguvu.

Je, ni kiasi gani kitoke? Paka wa gramu 700 anatengeneza takriban mililita 17 mpaka 34 za mkojo kwa siku. Ukimkojoza mara 4, yaani saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 au 5 usiku kabla ya kulala, tegemea mililita 4 mpaka 8 kila mara, karibu kijiko cha chai kimoja au kimoja na nusu. Kinga kwa mfuniko wa chupa, upime kwa seringe isiyo na sindano, uandike kwenye daftari. Daftari hilo litamsaidia veterinere kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Ukikuta kibofu kigumu kama ndimu na baada ya kujaribu mara mbili hakitoi kitu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kesho: anahitaji kutiwa mrija. Mkojo wenye mawingu, damu au harufu kali kupita kawaida mara nyingi unamaanisha maambukizi, na hayo yanataka antibiotiki inayochaguliwa na veterinere, si kapsuli zilizobaki kwenye sanduku la nyumba. Na ukikuta kibofu ni kidogo na laini kila unapopapasa, huku dimbwi la kweli likiwa chini yake, basi anakojoa mwenyewe na shida ni kushindwa tu kuondoka mahali alipokojolea. Hapo umepunguziwa kazi nusu. Kagua mara 2 kwa siku, usiminye.

Turudi kwa miguu. Sijamwona, lakini maneno yako manne yanaelekea upande mmoja: nyama tupu, kilio akiguswa mgongoni, choo kigumu, miguu kukokota. Hiyo ni sura ya mifupa iliyonyimwa kalsiamu. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kama 1 kwa 20, wakati paka anayekua anataka viwili hivyo vikaribiane kulingana. Mwili hauwezi kuacha kalsiamu ya damu ishuke, moyo ungesimama. Basi tezi ndogo za shingoni zinaamuru itolewe kwenye mifupa. Paka anaendelea kula kwa furaha, anaonekana hata mnene, huku mifupa ikibaki myembamba kama ganda la yai. Hahitaji kuanguka. Anaruka kutoka kwenye kigoda tu, au mtoto anambana kwa mapenzi, na mfupa wa paja unakunjika, au pingili ya mgongo inabonyea na kukandamiza uti. Nyonga nazo zinajibana na kuwa nyembamba, ndiyo maana choo kinapita kwa taabu.

Ndiyo sababu nilisema watoto waache mazoezi. Kukanda na kunyoosha mguu kunamsaidia paka ambaye neva zake zimelala lakini mifupa yake ni mizima. Kwa mifupa kama hii, kila zoezi ni nafasi ya kuvunja kingine.

Kuna dawa ya kienyeji ambayo utaambiwa na kila mtu: muanike kwenye jua apate vitamini D, kama mtoto mchanga. Jua litampa joto, atalipenda, lakini ngozi ya paka haitengenezi vitamini D ya kumtosha. Ni lazima aile, kwenye samaki, kiini cha yai, na ini kidogo.

Sharti niseme pia kwamba inaweza kuwa kitu kingine: kugongwa na motari, kukanyagwa, teke, jipu karibu na uti, au kilema alichozaliwa nacho. Kuna majaribio machache ya nyumbani ya kutenganisha. Mtazame akitembea kwa miguu ya mbele: kama kichwa kinatikisika na miguu ya mbele nayo inayumba, tatizo liko ubongoni, si mgongoni, na akiwa hivyo tangu kuzaliwa mara nyingi haizidi. Gusa mkia: ukining'inia kama kamba, bila kujikunja hata akikojozwa, neva za mwisho wa uti zimeguswa, na kibofu kitakuwa kazi ya muda mrefu.

Halafu bana kidole cha mguu wa nyuma kwa kucha zako mbili, kwa nguvu ya kuumiza kidogo. Hapa watu hudanganyika. Mguu ukirudi nyuma si ushahidi kwamba anahisi. Huo ni mzunguko mfupi wa uti wenyewe, unatokea hata uti ukikatika juu yake. Usitazame mguu, tazama uso. Akigeuza kichwa, akilia, akijaribu kukuuma, habari inafika ubongoni na tumaini la kutembea ni zuri. Uso ukibaki kimya kabisa kwa miguu yote miwili, siku baada ya siku, mtarajie paka wa kukokota.

Sipendi kumwandikia hili mtu mwenye watoto wanne ndani ya nyumba, lakini kichaa cha mbwa kinampata paka pia, na kwa wengine kinaanza na kupooza. Paka wa sokoni hana historia. Anayekula vizuri kwa siku nyingi bila kubadilika si rahisi kuwa nacho, maana ugonjwa ukishajionyesha mnyama hafikishi kwa kawaida siku 10. Hata hivyo, siku 10 za kwanza ashikwe na mtu mzima peke yake. Akitoa mate, akishindwa kumeza, sauti ikibadilika au akianza kuuma ovyo, mfungieni na muite veterinere. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kuweka majani au kitunguu juu ya kidonda ni kupoteza saa za thamani. Paka mwenyewe achanjwe akifika miezi 3.

Ukipata pa kupiga radiografi, omba mgongo mzima, nyonga na mapaja kwa ubavu. Mifupa iliyokosa kalsiamu inaonekana hafifu, karibu rangi moja na nyama iliyo pembeni, na veterinere yeyote atailinganisha kwa jicho. Usipopata, mchukulie kama mwenye mifupa hiyo. Chakula sahihi na kupumzishwa havitamdhuru hata kama tumekosea.

Kupumzishwa maana yake sanduku. Karton ngumu ya sentimita 60 kwa 45 inatosha, kuta ziwe na sentimita 40 kwenda juu, maana miguu ya mbele ya hawa hugeuka kuwa mikono ya fundi wa kupanda na akianguka kwa ndani amevunjika. Chini tandika blanketi lililokunjwa mara mbili, juu yake vikwembe vya kubadilisha. Vumbi la mbao la fundi seremala usiweke: linanata kwenye manyoya yaliyolowa na kuingia kwenye vidonda. Maji na chakula viwe kwenye visahani vizito, vya urefu wa vidole viwili tu, asijinyooshe.

Bukavu iko kwenye mita 1500 hivi na usiku wa mvua unauma. Chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya moto, iliyofungwa ndani ya kitambaa kinene, inamtosha. Iweke upande wa kichwa na kifua, wala isiguse miguu ya nyuma: mguu usiohisi hauondoki kwenye joto, unaungua polepole, na utauona malengelenge asubuhi. Kwa sababu hiyo hiyo sanduku lisikae karibu na mbabula, na mbali na moshi wa makaa pia.

Chakula sasa, na hapa ndipo pesa yako itumike kabla ya dawa. Kama unaweza kununua krokete za paka wadogo, kile chakula kikavu cha dukani, mfuko unaosema wazi ni za kukua, loweka kwa maji ya vuguvugu, gawa mara 4 kwa siku, na usiongeze kalsiamu yoyote: tayari imepimwa, na kuzidisha nako kunaharibu mifupa.

Kama krokete haziwezekani, jikoni kwako kuna dawa inayouzwa kila siku kandokando ya Ziwa Kivu: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Samaki mzima, pamoja na kichwa na miiba, anabeba kalsiamu yake ndani. Apikwe, lakini. Sambaza ni wa ukoo mmoja na sadini, na wengi wa ukoo huo wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Paka anayekula mabichi kwa wiki kadhaa huanza kuinamisha shingo, kuyumba na kutikiswa na degedege. Moto unaondoa hatari hiyo.

Kwa paka wako wa gramu 700, siku nzima inahitaji takriban gramu 110 mpaka 130 za chakula kilichopikwa, mara 4. Fanya hivi: gramu 60 za nyama ya kuku au ng'ombe isiyo na mfupa, gramu 40 za sambaza wazima waliochemshwa na kupondwa kwenye kinu mpaka mwiba usionekane, nusu ya kiini cha yai kilichoiva, na matone machache ya mafuta. Mchuzi usimwage, mmiminie juu, kwa sababu taurini, ambayo paka hawezi kuikosa kwa macho na moyo wake, inayeyukia humo. Juu ya nyama nyunyiza unga wa ganda la yai. Ganda lichemshe dakika 10, likauke kabisa, litwange, lichunge kwa kitambaa chembamba mpaka liwe kama unga wa mihogo. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa kidogo kwa kilo nzima ya nyama isiyo na mfupa. Kwa gramu 60 ni mnuso, kile kinachoshikwa na ncha za vidole viwili. Sambaza hawahitaji kuongezewa.

Fretini, wale samaki wadogo waliokaushwa, wanafaa pia, mradi hawakutiwa chumvi. Ini, hata kama analililia, kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki, basi: vitamini A ikizidi inashonesha pingili za mgongo pamoja na utakuwa umetoka shimoni kuingia mtaroni. Bugali kidogo kilicholowa mchuzi hakimuui, lakini hakimjengi. Kitunguu, kitunguu saumu na Maggi visiwemo kabisa. Kitunguu kinavunja damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha.

Mpime kila siku ya tatu kwenye balansi ile ile. Paka wa umri huu anatakiwa kuongeza gramu 10 mpaka 15 kwa siku. Akisimama pale pale kwa siku 6, kuna minyoo, maambukizi, au sahani haitoshi. Kwa minyoo, pyrantel ya watoto inatumika kwa miligramu 10 kwa kilo: chupa ikiandikwa miligramu 50 kwa mililita 1, yeye anahitaji mililita 0.14 tu, inayopimwa kwa seringe ya mililita 1, na kurudia baada ya wiki 2. Soma chupa, maana nguvu zinatofautiana. Viroboto watoe kwa chanuo la meno membamba ukichovya kwenye maji ya sabuni. Poda na matone ya mbwa yenye permethrin humwua paka.

Choo cha siku tatu kiko ukingoni. Boga lililochemshwa na kupondwa, nusu kijiko cha chai kwenye kila mlo, na maji ya kutosha kwenye chakula, vinabadilisha mambo ndani ya siku 2 au 3. Lactulose ya duka la dawa inasaidia pia: nusu mililita kwa kilo, kwake yeye mililita 0.35 asubuhi na jioni, upunguze choo kikilainika. Usimnyweshe mafuta kwa nguvu, ya mawese au ya aina yoyote, yakipotea njia yanaingia mapafuni. Na zile dawa za watu za kusukumia nyuma zenye fosfati zinamwua mtoto wa paka kwa saa chache. Akikaa siku 3 bila kitu, au akijikamua huku anatapika, atolewe na veterinere.

Ngozi yenye mkojo inaungua. Kila baada ya kumkojoza, osha mapaja na tumbo kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, bila sabuni zaidi ya mara moja kwa siku, kausha kwa kugonga-gonga si kusugua, kisha vaselini kiasi cha kung'aa tu. Pomade za watoto zenye zinki usitumie, atazilamba. Sanduku unaweza kulisafisha kwa javel (dawa ya klorini) iliyochanganywa sana na maji, likasuuzwa na kukauka kabla hajarudi. Dettol na kreoli ni sumu kwake. Kila siku geuza manyoya chini ya mkia na kati ya mapaja kwenye mwanga. Inzi hutaga kwenye manyoya yaliyolowa, na funza wanaweza kujaa ndani ya siku moja au mbili, kwenye sehemu ambayo mwenyewe hahisi.

Wiki ya kwanza ya chakula kizuri huwa na mtego wake. Maumivu yanapungua haraka, atachangamka, atataka kucheza, na watoto watapiga makofi wamtoe. Mifupa bado haijakaza. Abaki sandukuni mpaka wiki 3 au 4 zitimie, na kuruka, kupanda ngazi na kubebwa na watoto kusubiri wiki 8 hivi.

Baada ya wiki hizo 4, kama halii ukimgusa mgongo, ndipo mazoezi yaanze, mara 2 au 3 kwa siku, baada ya kukojozwa. Shika goti kwa vidole viwili, kunja na kunyoosha kila kiungo polepole mara 10, kutoka kidoleni kwenda nyongani, bila kupita pale kinapokataa. Kisha msimamishe juu ya blanketi, si juu ya sakafu ya sima inayoteleza, nyayo zikiwa chini na bapa, huku ukimshika chini ya tumbo kwa ukanda wa kikwembe wa upana wa vidole vitatu. Sekunde 20, pumzika, rudia mara 5. Nyama ya kuku aliyokwisha kuizoea ikae mbele yake kidogo, ajisogeze mwenyewe. Ukiona nyayo zinapinduka na kukanyaga kwa mgongo wa mguu, zirudishe kila mara, maana ngozi hiyo ikichubuka mpaka mfupa hutaifunga kwa urahisi.

Kwa anayekokota kabisa, shona mfuko wa kuvaa kutoka kitambaa cha mwavuli uliochakaa: kinateleza, hakilowi haraka. Urefu kutoka kiunoni mpaka kupita miguu kwa vidole viwili, mikanda miwili laini ikipita mabegani. Avae saa moja au mbili akiwa anatazamwa, kisha uvuliwe, ukaguliwe, ukaushwe. Gari la magurudumu liachwe mpaka akue. Kwa sasa lingebeba mifupa isiyobeba kitu, na ngazi za Kadutu si barabara ya magurudumu.

Kwa wasomaji wengine wanaookota paka wa wiki 2 au 3 ambaye miguu ya nyuma imetanuka pembeni kama chura lakini anahisi, hana maumivu: huyo ni tofauti. Sparadra (plasta ya kunata) ya karatasi ya upana wa sentimita 1, izungushwe kama namba 8 juu kidogo ya nyayo, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga zake. Kagua uvimbe asubuhi na jioni, badilisha kila siku 2 au 3, na asilale juu ya kitu kinachoteleza. Wengi wananyooka ndani ya wiki chache, lakini umri ukipita wiki 4 nafasi inapungua.

Umeuliza kama atatembea. Kama uso wake unaitika ukimbana kidole, na kibofu kinatii, ningeweka dau upande wa ndiyo, labda kwa kuyumba kidogo. Nyonga zilizobanwa hazitanuki tena, kwa hiyo boga litabaki rafiki yake wa maisha, na kama ni jike afungwe kizazi karibu na miezi 5 au 6, kwa sababu watoto hawatapita hapo.

Kama uso hauitiki, kibofu kinakataa kutoa mkojo, vidonda vinarudi, na nyumbani hakuna mtu wa kumkojoza mara 4 kila siku, Jumapili na siku ya msiba pia, basi baada ya wiki 3 au 4 za kujaribu kwa haki, kumwomba veterinere amlaze kwa sindano si kumtupa. Kumwacha ajaze mkojo mpaka afe ndiko kumtupa. Lakini huko hamjafika. Kwa usiku huu: kibofu, sanduku, sambaza. Baada ya siku 10 niandikie mililita, gramu, na siku za choo, na uniambie alifanya nini ulipombana kidole.